Serikali Zapimwa kwa Njaa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, viongozi wa vijiji na walimu, Dodoma)



Nimeombwa niseme nanyi habari za serikali za namna mbili. Namna ya kwanza ni ile ambayo watu huwachagua watawala wao, huweza kuwaondoa, na husema hadharani mabaya wanayoyaona. Hiyo ndiyo demokrasia. Namna ya pili ni ile ambayo mtu mmoja au chama kimoja hushika kila kitu: askari, mahakama, magazeti, shule, mashamba, hata mazungumzo ya nyumbani, wala hapana ruhusa ya kusema kwamba mkubwa amekosea. Huo ndio utawala wa kiimla. Swali tuliloletewa ni hili: tukizipima serikali hizi kwa wema na ubaya wa matendo yao, mizani yasemaje?

Wengi hujibu swali hili kwa mapenzi. Apendaye Wazungu husifu yao, awachukiaye huwalaumu. Mimi naomba tupime kama tupimavyo nafaka, kwa kipimo kimoja kwa watu wote. Na sisi wa nchi hii ya katikati hatuna haja ya kuazima kipimo ng'ambo, maana tunacho chetu, nacho ni njaa. Nchi yetu hupata mvua kidogo, kwa kawaida chini ya milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu. Mtama na uwele vikikauka, kila mtu ajua lijalo. Wagogo huihesabu miaka kwa majina ya njaa, kama watu wengine wanavyoihesabu kwa majina ya wafalme.

Ukame hutoka kwa Mungu, wala hapana serikali iwezayo kuuzuia. Lakini njaa iuayo watu maelfu kwa maelfu, mara nyingi mkono wa watu umo ndani yake. Ndiyo maana yafaa kwa kupimia.

Kwanza nitasema habari ya njaa iliyo kubwa kuliko zote katika kumbukumbu ya nchi hii, ile iitwayo Mtunya, ya mwaka 1917 hata 1920. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika kwetu, Wadachi walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Waingereza yakaingia Dodoma, na Waingereza nao wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ghala zilikuwa tupu, mikono ya kulima ilikuwa njiani na mizigo mabegani, kisha mvua zikakosa, na maradhi ya mafua ya mwaka 1918 yakawakuta watu wamekwisha dhoofu. Wanahistoria hukadiria kwamba watu 30,000 katika watu 150,000 wa Ugogo walikufa, yaani mtu mmoja katika kila watano.

Sasa angalieni vizuri. Katika wale waliogombana, Waingereza walikuwa na Bunge lao London, na Wadachi nao walikuwa na baraza la kuchaguliwa Berlin, ingawa Kaisari alikuwa na nguvu kuliko baraza. Je, Bunge lile lilimsaidia Mgogo? Halikumsaidia. Hakuwa na mjumbe ndani yake, hakuwa na gazeti, hakuwa na kura. Basi tushike neno hili tangu mwanzo, maana litatufaa mpaka mwisho: demokrasia huwalinda wale tu ambao sauti yao yasikika ndani yake. Waliobaki nje ya mlango hunyeshewa na mvua ile ile inayowanyeshea watu wa madikteta.

Bara Hindi laonyesha jambo hili kwa uwazi. Mwaka 1943, Waingereza wakitawala, njaa iliingia Bengal, na watu wapatao milioni tatu walikufa. Serikali haikupenda habari zienee wakati wa vita. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huo gazeti moja la Calcutta, The Statesman, ambalo mhariri wake alikuwa Mwingereza, lilichapisha picha za maiti barabarani, na tangu hapo serikali haikuweza tena kufumba macho. Mwezi wa Oktoba akaja mtawala mpya, Wavell, akatumia jeshi kupeleka chakula. Mwaka 1947 Wahindi wakajitawala, wakapata kura na magazeti yao wenyewe. Ukame haukukoma. Ulikuja Bihar mwaka 1966, ukaja Maharashtra mwaka 1972, tena ukame mkali. Lakini vifo vya mamilioni kama vile vya Bengal havikuonekana tena. Mtaalamu Amartya Sen, aliyeiona njaa ya Bengal akiwa mtoto na kupata tuzo ya Nobel mwaka 1998, aliufanya mfano huu kuwa fundisho: mahali penye kura za kweli na magazeti huru, njaa kubwa ya kuua halaiki haitokei, kwa kuwa mtawala aogopa kuondolewa, tena hapati nafasi ya kujifanya hajui.

Mtu aweza kusema, Bara Hindi ni mbali. Haya, tutazame Afrika, katika nchi za mifugo na mvua haba kama yetu. Botswana ilipatwa na ukame tangu mwaka 1982 hata 1987, mwaka baada ya mwaka. Serikali yake, iliyochaguliwa na watu, iligawa chakula kwa watoto na kuwapa wakulima kazi za ujira, na watu hawakufa kwa halaiki. Miaka ile ile ukame uliingia Ethiopia, iliyokuwa chini ya Mengistu na askari wake. Mwezi wa Septemba 1984 serikali ile ilifanya sherehe kubwa mjini Addis Ababa za kutimiza miaka kumi ya mapinduzi, na huku mikoani watu walikuwa wakifa. Hesabu ya chini kabisa husema waliokufa ni laki kadhaa. Ukame ulikuwa mmoja, lakini mwisho wake haukuwa mmoja.

Pili, tutazame jinsi serikali inavyofanya inapokuwa imekosea yenyewe. Kwa habari hii tunao mfano hapa nyumbani, Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga huko. Ilikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu za pori. Matrekta yakaja, wageni wakaja, fedha zikamwagwa. Wenyeji wa Kongwa hawakuulizwa, nao ndio waliojua kwamba mvua za pale haziaminiki, na udongo wake ukikauka huwa mgumu kama saruji. Karanga hazikuzaa kama ilivyotumainiwa. Basi likatokea nini? Magazeti ya Uingereza yakaandika, wapinzani Bungeni wakamwuliza Waziri wa Chakula, John Strachey, maswali makali, na mwezi wa Januari 1951 mpango ule ukaachwa, ikiwa imepotea paundi milioni 36 hivi. Ilikuwa aibu kubwa, lakini ilikuwa aibu ya fedha.

Linganisheni na mpango mwingine mkubwa wa kilimo, ule ulioanzishwa China mwaka 1958 na Mao Zedong, ulioitwa hatua kubwa ya kwenda mbele. Wakulima walikusanywa katika mashamba makubwa ya pamoja. Viongozi wa chini, kwa kuogopa walio juu, walitoa hesabu za mavuno yasiyokuwapo, na serikali ikachukua nafaka kwa kufuata hesabu zile za uongo. Mwezi wa Julai 1959 Peng Dehuai, Waziri wa Ulinzi na askari wa siku nyingi, alimwandikia Mao barua kumweleza kwamba mambo si mazuri. Alinyang'anywa cheo chake. Baada ya hapo nani angethubutu kusema? Njaa iliendelea mpaka mwaka 1961. Wataalamu hawapatani juu ya hesabu ya waliokufa, lakini wengi husema ni mamilioni ishirini au zaidi. Na kabla ya hapo, mwaka 1932 na 1933, Stalin alikuwa amefanya mfano wa hayo katika nchi ya Ukraine, ambako mamilioni walikufa huku serikali ikikana kwamba iko njaa. Hesabu ya watu ya mwaka 1937 ilipoonyesha upungufu, ilifutwa, na wakuu waliohesabu wakakamatwa.

Basi Kongwa na China zote mbili zilikosea, na kosa lilikuwa la namna moja: mtu wa juu alidhani ajua shamba kuliko mwenye shamba. Kilichozitenga ni kwamba kwa mmoja aliyesema “hapana” alisikiwa, na kwa mwingine aliadhibiwa. Wahenga wamekwisha sema: mficha maradhi, kilio humfichua. Serikali ya kiimla huficha maradhi, na kilio chake huwa cha nchi nzima.

Tatu, yafaa tutazame jinsi serikali inavyomtenda mkubwa aliyetenda uovu. Wazee wamepokea habari za Carl Peters, Mdachi aliyepewa jina la Mkono wa Damu. Mwaka 1890 alipita Ugogo na bunduki zake, akakataa kutoa hongo, akachoma vijiji na kuchukua ng'ombe, kisha akaandika kitabu akijisifu. Baadaye, huko Kilimanjaro, aliwanyonga kijana mtumishi na mwanamke. Habari hizo zikafika Berlin, na mwaka 1896 mjumbe August Bebel akazisema barazani mbele ya watu wote. Mwaka 1897 Peters akahukumiwa na kufukuzwa katika kazi ya serikali. Haikuwa adhabu ya kutosha, wala kwa vijiji vya Ugogo hakuulizwa hata neno moja. Lakini ilikuwa hukumu. Miaka ikapita, Wadachi wakampata Hitler. Alishika serikali Januari 1933, na kabla ya Julai kwisha vyama vyote vingine vilikuwa vimepigwa marufuku. Huyu ndiye ambaye serikali yake iliwaua Wayahudi milioni sita. Na mwaka 1937 huyu huyu aliifuta hukumu ya Peters, na marehemu yule akafanywa shujaa wa taifa. Mtu ni yule yule, na matendo yale yale. Palipokuwa na baraza la kusema, aliitwa mkosaji, na lilipozibwa akaitwa shujaa.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawapamba Waingereza, nitasema pia habari ya Hola, katika nchi ya Kenya. Wakati wa vita vya Mau Mau serikali iliwanyonga watu zaidi ya elfu moja na kuwafunga wengi makambini. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya Hola walipigwa na askari wa gereza mpaka wakafa. Serikali ya Kenya ilitangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Ndivyo ulivyo uongo wa mkubwa, hauna rangi. Lakini uchunguzi ukafanywa, na mwezi wa Julai jambo likajadiliwa Bungeni London mpaka usiku wa manane. Hata Enoch Powell, mjumbe wa chama kilichotawala, alisimama akaishutumu serikali ya chama chake. Mwaka 2013, baada ya wazee wa Kenya kwenda mahakamani Uingereza, serikali ile ilikiri kwamba watu waliteswa, ikakubali kuwalipa zaidi ya 5,000 katika wao. Ni haki iliyochelewa mno, na wengi walikwisha kufa bila kuiona. Hata hivyo mlango ulikuwako wa kugonga.

Katika Uganda ya Idi Amin mlango huo haukuwako. Mwezi wa Septemba 1972 askari wa Amin waliingia katika Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamchukua Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, na hakurudi tena. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa kwa sababu yeye na maaskofu wenzake walilalamika juu ya mauaji. Nchi ambayo jaji hutolewa kitini na askari, mjane atapeleka wapi mashtaka yake? Amin hakuondoka mpaka majeshi yetu yalipoingia Kampala Aprili 1979, baada ya yeye kuivamia Kagera.

Sasa nitasema juu yetu wenyewe, maana si haki kupima mizigo ya majirani na kuuficha wetu. Sheria ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila hukumu ya mahakama. Tangu mwaka 1965 Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja kwa sheria. Ulikuwa utawala wa kiimla? Mimi nasema haukuwa huo kamili. Mwaka ule ule wa 1965 watu walipewa wagombea wawili katika majimbo mengi, na Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akaangushwa kwa kura. Mwaka 1977, ilipojulikana kwamba watu waliokamatwa Mwanza na Shinyanga waliteswa na baadhi yao wakafa, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa si yeye aliyewatesa. Na mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aliondoka madarakani kwa hiari yake. Watawala wa kiimla hawafanyi hivyo.

Lakini Dodoma twajua pia upande wa pili. Mkoa huu ulikuwa katika ile ya kwanza kuhamishwa vijijini, kwa Operesheni Dodoma iliyoanza mwaka 1970. Mwalimu mwenyewe alikuja Chamwino akashika kazi pamoja na watu, na shule, visima na zahanati vilijengwa mahali pengi. Hayo ni mema. Mwezi wa Novemba 1973 kukaa vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Walikuwako waliohama kwa hiari, na walikuwako waliobomolewa nyumba zao. Mfugaji aliyejua kwa nini babu yake alitawanya mifugo yake mbali mbali hakuwa na baraza la kumsikiliza. Ukame wa miaka ile ukakutana na uhamisho, chakula kikapungua, na serikali ikanunua nafaka nyingi ng'ambo. Watu hawakuachwa wafe kama Ethiopia, na kwa hilo tuishukuru serikali ile. Lakini kosa la kutouliza lilikuwa ndugu wa lile la Kongwa.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi kuuliza. Watu wapatao 80 katika kila 100 walisema chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, na mwaka 1992 sheria ikageuzwa. Wengine walishangaa. Lakini yatupasa kufahamu kwamba haki ya wachache kusema haipimwi kwa wingi wa wasiokuwa na la kusema. Mwenye njaa mara nyingi ndiye mchache.

Najua hoja ya wapingao. Husema: serikali ya mtu mmoja hufanya kazi upesi, na demokrasia ni kelele na magomvi. Ni kweli, ni kelele. Lakini upesi ni sifa ya gari, wala si sifa ya njia. Gari liendalo upesi kwenye korongo, abiria humshukuru mtu apigaye kelele. Husema pia: demokrasia nazo zilifanya biashara ya watumwa na kutawala nchi za watu. Ni kweli vile vile, nami nimekwisha kuwaonyesha Mtunya na Hola. Lakini tazameni walikotendewa ubaya huo: karibu kila mara ni watu waliozuiwa kupiga kura na kusema. Dawa yake ni kuupanua mlango, na anayekuja na shauri la kuufunga ajitayarishe kutueleza Ukraine na China.

Wala vyama vingi peke yake si dawa. Kura bila hesabu ya haki ni sanduku tupu, na gazeti liogopalo ni karatasi ya kufungia maandazi.

Basi kazi yetu ni nini? Hatuko Bungeni wengi wetu. Lakini sheria ya mwaka 1982 imetupa mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mtu mzima wa kijiji ni mjumbe wake, na desturi yake ni kukutana kila miezi mitatu. Huko ndiko demokrasia ya mkulima ilipo. Viongozi wa vijiji, mkiulizwa hali ya chakula, andikeni magunia yaliyomo ghalani, msiandike yale yanayompendeza mkubwa. Mmesikia hesabu za kupendeza zilivyowaua Wachina. Mapato na matumizi ya kijiji yasomwe mbele ya watu, na atakayeuliza swali asiitwe mchochezi. Walimu, wafundisheni watoto kuuliza kwa adabu na kujibu kwa ushahidi; mtoto aliyezoea kunyamaza shuleni atanyamaza mkutanoni akiwa mzee. Na ninyi wazee, mliopokea habari za Mtunya kutoka kwa baba zenu, wasimulieni wajukuu, pamoja na sababu zake, ili wasidhani kwamba ilikuwa mvua peke yake.

Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wahenga. Nami naongeza hili dogo: penye wengi waliozibwa midomo, huharibika kila kitu, na wa kwanza kulala na njaa ni yule ambaye hakuulizwa.